Mvulana Naye Anahitaji Somo

Siku mdogo wangu wa kike alipovunja ungo, jua halikuzama kabla bibi hajatuma mtu kwa somo, yaani kungwi wa kumfunda. Alikuja mama mmoja mtu mzima wa mtaa wa nyuma, kajitanda kanga yake vizuri, mlango wa chumba cha bibi ukafungwa, na kwa siku kadhaa mwali akawa anafundwa: kujifunga vitambaa na kuvifua, kuhesabu siku zake, kujisafisha, nani wa kumwambia tumbo likimuuma, vipi avae, vipi apite mbele za watu. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, ilijua la kufanya tangu enzi za bibi zake bibi. Mimi nilimzidi mwaka na ushee, na nilikuwa nimebalehe miezi michache nyuma, katikati ya miaka ya tisini. Hakuna aliyetuma mtu popote. Sauti ilibadilika, mama akasema, "Mtoto amekua," akaendelea kukuna nazi.

Leo mimi ni kinyozi. Saluni yangu haiko mbali na pale nilipokulia, na wavulana wa mtaa hupita kwenye kiti changu tangu wakiletwa na mama zao mpaka wakija wenyewe kutengenezwa ndevu. Naona wanapita mulemule nilimopita, na wengi wao wanapita peke yao kama mimi. Nadhani najua sababu.

Babu mzaa mama alikuwa Mbondei wa upande wa Muheza, naye alikwenda kumbini, yaani jandoni. Alipenda kunisimulia baada ya sala ya magharibi, tukiwa barazani. Walichukuliwa wavulana waliokwisha kupata akili, wengine ndevu zimeanza kuchomoza, wakakaa porini majuma kadhaa. Ngariba alifanya kazi yake, na siku zilizobaki zilikuwa za makungwi: nyimbo, mafumbo, mizungu, namna ya kumheshimu mke na mkwe, mambo ya mwili wa mwanamume, lini aseme na lini anyamaze. Si kila alichonisimulia nilikipenda. Kisu kimoja kilipita kwa wari wote, kulikuwa na viboko, na wapo wenzake ambao vidonda vilichukua muda mrefu sana kupona. Tohara ya hospitali ni salama kuliko ile, na sitaki mwanangu aende porini.

Lakini angalia kilichotokea. Sisi wa baadaye tulipelekwa hospitali tukiwa wadogo, tukavalishwa kanga, tukanunuliwa soda, tukapona. Siku hizi wengine hutahiriwa wakiwa wachanga. Tohara ilitoka porini ikaenda hospitali, na ikatoka pia umri wa balehe ikaenda utotoni. Mafunzo yaliyokuwa yanaandamana nayo hayakupelekwa popote. Kwa wasichana hayakukatika, kwa sababu hedhi haiwezi kuhamishiwa utotoni. Inakuja kwa wakati wake, na ikija lazima mtu aitwe. Kwa mvulana hakuna siku ya namna hiyo, na kama ipo, anaijua yeye tu na shuka yake.

Madrasa iliziba nusu ya pengo hilo. Tukiwa na miaka 8 au 9 tulishazihifadhi alama za balehe kwa mujibu wa fikihi, yaani sheria za dini, ya madhehebu ya Shafii: kutimiza miaka 15, au kutokwa na manii, au hedhi kwa msichana, hizo mbili kuanzia miaka 9. Tuliziimba safu nzima, tukiyumba. Neno manii tulilitamka kama jina la mji wa mbali ambao hakuna kati yetu aliyetarajia kufika. Hakuna aliyetuuliza kama tunajua ni kitu gani, na sisi hatukuuliza.

Mabadiliko yangu yaliyoonekana na watu wote yalikuwa sauti. Nilikuwa ndiye mwongozaji wa kaswida katika madrasa yetu. Kila ukikaribia Mfunguo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, tulifanya mazoezi ya maulidi usiku baada ya isha, mimi natoa beti, wenzangu wanaitikia. Sauti yangu ilikuwa nyembamba na ya juu, na wazee waliipenda. Kuna waliokuja kukaa nje ya madrasa wasikilize tu. Mwaka ule, katikati ya mazoezi, nilipanda kwenye ubeti niliouzoea na sauti ikakatika. Nikarudia, ikatoka nyingine nzito, ikakatika tena. Wadogo walicheka. Nilihisi uso unawaka moto.

Ustadhi wetu hakucheka na hakunikemea. Aliinua mkono, wakanyamaza, akasema, "Huyu amekuwa mtu mzima sasa. Mpeni dufu." Akamweka mdogo mmoja mbele, mimi akanikalisha upande wa wapigaji pamoja na wakubwa. Tulipotoka alinishika bega akaniambia nisiilazimishe sauti, nisipige kelele mpirani, niiache ikae, itarudi ikiwa nyingine na nitaipenda. Maneno yenyewe yalikuwa machache, lakini kwa mwaka mzima yalikuwa ndiyo mafunzo yangu yote, na nayakumbuka neno kwa neno. Aliyafanya mabadiliko yangu kuwa cheo mbele ya watoto walionicheka. Sijapata kuona mtu mzima akimfanyia mvulana jambo zuri kuliko hilo.

Baadaye sana, daktari mmoja mteja wangu alinieleza kilichokuwa kinaendelea, na mimi nikawa namuuliza kila anapokuja. Kwa mvulana kinachoanza hasa ni korodani kukua, na hilo mara nyingi hata mwenyewe halitambui. Zinafuata nywele za sehemu za siri, uume kukua, kimo kuruka. Sauti huja katikati ya safari au karibu na mwisho wake. Chanzo chake kiko kichwani. Sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huanza kutuma ishara, mwanzoni zaidi usiku mtoto akiwa amelala. Tezi ya pituitari inazipokea na kumwaga homoni kwenye damu. Homoni zinafika kwenye korodani, nazo zinaanza kutoa testosteroni kwa wingi. Kwa msichana zinafika kwenye ovari, zikatoa estrojeni. Testosteroni ndiyo inayolikuza koromeo mpaka linatokeza shingoni, na nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa. Mvulana anakuwa bado hajajifunza kuzitumia nyuzi mpya, ndiyo maana sauti inamponyoka. Huchukua miezi, wakati mwingine hata mwaka, mpaka itulie. Alichosema ustadhi kilikuwa sahihi kabisa.

Kilichonitesa zaidi hakikuonekana na mtu. Usiku mmoja niliamka nikakuta nimelowa, na si mkojo. Nilikaa kitandani mpaka karibu na alfajiri nikiwaza. Mtaani nilishasikia wakubwa wakizungumza kuhusu kisonono, kwamba mtu hutokwa na usaha, nikaamini ndicho kilichonipata, ingawa sikuwa nimemkaribia mwanamke yeyote. Nilifua shuka bombani kabla ya watu kuamka, nikaianika nyuma ya banda la kuku. Ikatokea tena. Nilipungua, nikawa sili vizuri, na nilishapanga kwamba nikianza kuumwa nitakimbilia Muheza kwa babu nikafie huko. Hata leo nikiliandika hili moyo unaniuma kwa ajili ya mtoto yule, maana tiba yake ilikuwa sentensi moja tu: mwili umeanza kutengeneza mbegu za uzazi na unazitoa wenyewe usingizini, si ugonjwa, amka ukaoge. Nilikuja kulijua hilo madrasa, ustadhi aliporudi kwenye somo la josho la janaba, yaani kuoga kwa mtu aliyetokwa na manii, na ghafla lile neno la kuimba likapata maana. Nilitamani kusimama nikumbatie mtu.

Kisha kifua. Chini ya chuchu moja kiliota kinundu kigumu, kikiguswa kinauma mpaka macho yanatoka machozi. Nikafikiri nageuka mwanamke. Niliacha kuvua shati hata kwenye joto la Januari, na nilipokwenda kuogelea Raskazone nilikaa juu ya mawe nikisema nina homa. Daktari aliniambia kwamba wavulana wengi, wapata nusu yao, hupitia hilo kwa sababu homoni za kike nazo zimo mwilini mwa mwanamume, kwa kiasi kidogo, na mwanzoni mizani haijakaa sawa. Kwa wengi hupotea yenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Kukiminya au kukikanda kwa maji ya moto, kama tulivyokuwa tunashauriana, hakusaidii, kunazidisha maumivu tu. Nimewaambia wavulana wengi hilo moja, na kila mara naona mabega yanashuka.

Kuhusu kimo sina mengi. Miguu hutangulia, viatu vinakataa, suruali ya shule inakuwa fupi kabla ya muhula kuisha, na mvulana anaweza kuongezeka sentimita 9 au zaidi kwa mwaka anapofika kileleni. Wasichana huanza mapema, ndiyo maana darasa la sita na la saba wao huwa warefu kuliko wavulana. Mzazi anunue suruali yenye pindo kubwa.

Hisia ndizo nataka nikae nazo. Nilikuwa mtoto mpole, na ghafla nikawa na hasira nisizojua zinakotoka. Mama akinituma dukani mara mbili, niliona kama ananidhalilisha. Nilipiga mlango teke, nikamjibu shangazi kwa namna ambayo nyumbani kwetu haijibiwi, halafu baada ya robo saa nikajifungia chooni nikalia, nisijue ninalilia nini. Kuna asubuhi niliamka nikiwa mfalme wa Tanga, adhuhuri nikiwa sina thamani kwa sababu tu msichana fulani hakunijibu salamu. Nilipenda kuwa peke yangu, na nikiwa peke yangu nilihisi nimeachwa. Usingizi nao ulihama: usiku hauji, asubuhi hauondoki. Baba aliita hayo kiburi na uvivu, na kwa alivyolelewa yeye asingeweza kuyaita jina jingine.

Sasa najua kwamba ule usingizi ulikuwa na sababu yake mwilini. Katika umri huo homoni inayoleta usingizi hutolewa kwa kuchelewa zaidi usiku, hivyo kijana kweli hapati usingizi mapema. Na ubongo wenyewe haukui wote kwa pamoja: sehemu za hisia huwaka mapema, ile ya mbele ya kupima na kujizuia huendelea kukomaa mpaka mtu anapita miaka 20 na zaidi. Hili halimpi kijana ruhusa ya kumtukana mama yake. Mimi watoto wangu nawadai adabu ileile niliyodaiwa. Lakini mzazi akijua, hagombani na kijana saa ileile ya moto. Anamwacha apoe, halafu wanazungumza. Mwanangu akivimba, humwambia, "Nenda kazunguke na baiskeli, ukirudi tutaongea," na mara nyingi akirudi hakuna kilichobaki cha kuongea.

Uchungu mwingine ambao hausemwi ni wa kutengwa. Mimi na mdogo wangu tulikuwa tunalala chumba kimoja, tunacheza rede pamoja, tunagawana muhogo wa kuchoma. Alipovunja ungo nikaambiwa nilale sebuleni, nisiingie tena chumbani kwake, nisimguse hovyo. Ilikuwa sawa, ndiyo desturi na ndiyo dini. Ila hakuna aliyenieleza kwa nini, na mimi nikadhani nimetenda kosa. Yeye naye alidhani namchukia. Tumekuja kuyasema hayo tukiwa watu wazima wenye ndoa zetu. Ndipo aliponiambia pia kwamba yale mafundisho ya somo hayakuwa yote mazuri: alifundishwa usafi na kujistahi vizuri sana, lakini alitishwa kwamba mwanamume akimgusa tu mkono atapata mimba, na kwa miezi mingi alikuwa anaogopa kupokea chenji dukani. Kwa hiyo sisemi wasichana walipewa kila kitu. Walipewa mtu, na hilo ndilo sisi tulilokosa.

Baba yangu alijaribu, na namheshimu kwa hilo. Alikuwa mtu wa bandarini, mkimya. Siku moja alirudi kazini akanipa pakiti ya nyembe, kitana na msuli mpya, akasema, "Mwanangu, jitunze," akaingia ndani. Nilielewa kwamba ameona. Nilijua pia kwamba sitaweza kumuuliza. Kwetu mambo haya mtoto hayasemi na baba yake. Kuna mjomba, kuna babu, kuna mtani. Mjomba wangu alikuwa Dar es Salaam, na babu yangu alikuwa ameshaanza kuzeeka na kusahau. Utaratibu ulikuwepo, ila watu wake walikuwa wametawanyika.

Kuna rafiki yangu wa dawati moja ambaye mateso yake yalikuwa kinyume na yangu. Sisi tulikua, yeye akabaki. Sauti ya mtoto, uso wa mtoto, kimo cha mtoto, mpaka tunaingia kidato cha pili. Walimwita "dogo" hata watu wa umri wake. Aliacha mpira, akaanza kupigana na watu waliomzidi ili mradi aonekane mwanamume, na meno yake ya mbele yaliondoka hivyo. Alipofika miaka 16 akaanza kukua, na leo ananizidi kimo. Baba yake naye alichelewa vilevile, mama yake alilijua hilo miaka yote, na halikumjia kwamba angelimwambia kijana angempunguzia mzigo. Wavulana huanza balehe popote kati ya miaka 9 na 14, wasichana kati ya 8 na 13, na wote hao wako sawa. Mvulana akifika 14 bila dalili yoyote, au dalili zikija kabla ya 9, apelekwe kwa daktari. Kadhalika msichana anayeota matiti kabla ya 8, au asiye nayo akifika 13, au asiyeona hedhi akifika 15.

Kuna jambo jingine siwezi kuliacha, kwa sababu nimeona matokeo yake. Kijana mmoja wa mtaa wetu alishikwa usiku na maumivu makali ya korodani, ghafla, na kutapika juu yake. Kwa sababu ya mahali penyewe panapouma, alinyamaza. Asubuhi alimwambia mama yake ni tumbo, akapewa maji ya tangawizi. Alipofikishwa hospitali ilikuwa mchana. Korodani ilikuwa imejizungusha na kukata njia yake ya damu, na haikuokolewa tena. Hali hiyo huwapata zaidi vijana wa umri wa balehe, na nafasi nzuri ya kuiokoa iko ndani ya saa 6 hivi tangu maumivu yaanze. Kijana yule anaishi vizuri, ameoa na ana watoto, kwa hiyo hata aliyepoteza moja asikate tamaa. Ila ile aliipoteza kwa aibu. Hakuwa na mtu hata mmoja ambaye angeweza kumtajia sehemu hiyo ya mwili wake saa nane za usiku. Mvulana wako akikwambia anaumwa hapo, usimcheke na usimwambie asubiri asubuhi. Amka, tafuta bodaboda.

Saluni imenifundisha kwamba mvulana huzungumza asipotazamwa. Kwenye kiti changu yeye anatazama kioo, mimi natazama kisogo chake, mashine inavuma, na hapo ndipo maswali hutoka. Wanauliza chunusi zaidi ya kitu kingine. Nawaambia tezi za mafuta za uso zimeamshwa na homoni, hazina uhusiano na uchafu wala uzinzi, maana wapo wanaoambiwa hivyo na kuteswa nalo. Uoshe uso mara mbili kwa siku kwa sabuni isiyo kali, usizitumbue, na kama zinakusumbua nenda duka la dawa waulize mafuta yenye benzoili peroksaidi, uyape wiki kadhaa. Na usiguse mkorogo. Krimu nyingi za kujichubua zina zebaki, haidrokwinoni au dawa za steroidi; chunusi hunywea siku za mwanzo, kijana akafurahi, halafu zikarudi mbaya zaidi na ngozi imeshakonda. Nimewanyoa vijana ambao nyuso zao zimeharibiwa hivyo kabla hawajafika 18, nami hutamani ningewapata mapema.

Wanauliza vipele vya ndevu. Nywele zetu zimejisokota, zikikatwa karibu sana na ngozi hujipinda na kuingia ndani tena, ndipo vipele vinapotoka. Kwa hiyo ndevu za kwanza mimi sizipitishii wembe, natumia mashine na kuacha kidogo. Wanauliza harufu ya kwapa, ambayo ni tezi nyingine zimeanza kazi: maji, sabuni, shati safi kila siku, na limau kama deodoranti haipo. Wengine hawaulizi kwa maneno ila naelewa wanataka kujua kama miili yao iko sawa na ya wenzao. Wameona picha chafu kwenye simu na wanajilinganisha na watu waliochaguliwa na kulipwa ili wapigwe picha. Hilo linanitia huzuni kuliko yote. Pengo tuliloliacha halikubaki tupu. Simu imekuwa kungwi wao, na inawafundisha mwanamke ni kitu cha namna gani kabla hawajawahi kukaa na msichana wakazungumza.

Ndiyo maana nawaambia na habari za hedhi. Mvulana anayejua kwamba damu ile ni utando wa ndani wa mfuko wa uzazi unaojimenya kila mwezi, na kwamba miaka ya kwanza siku zinaweza kupishana sana, hamcheki msichana aliyechafuka sketi darasani. Atamvulia sweta ajifunge kiunoni. Binti yangu ana miaka 13, na taulo zake za kike nanunua mimi nikitoka kazini, mwanangu wa kiume akiwa pembeni anaona. Bei yake inaniuma: mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) kwenye bidhaa hiyo, mwaka uliofuata ikairudisha kwa hoja kwamba bei madukani haikushuka. Wenzetu Kenya kodi hiyo waliiondoa mwaka 2004, na tangu 2017 sheria yao inaitaka serikali iwape wanafunzi wa kike taulo bure. Mimi ningependa mabinti wa huku nao wafikiriwe hivyo, maana si kila baba ana saluni.

Mwaka jana mpwa wangu, mtoto wa yule mdogo wangu, alikuja likizo akawa ananisaidia kufagia nywele. Jioni moja tumebaki wawili, akiwa amenipa mgongo, akasema:

"Mjomba, nikuulize kitu?"

"Uliza, mjomba."

"Kuna jamaa shuleni anasema akiamka anakuta shuka imelowa. Ana ugonjwa?"

"Hana ugonjwa. Mwambie mwili wake umeanza kutengeneza mbegu za uzazi, na wakati mwingine hutoka zenyewe akiwa usingizini. Wengine huota ndoto, wengine hawaoti kitu. Hajafanya dhambi, maana aliyelala kalamu yake imeinuliwa. Aamke, aoge josho la janaba, afue shuka, aende shule."

Akaendelea kufagia. Halafu: "Na akiwa hajui kuoga josho?"

"Nitakuonyesha wewe, wewe utamwonyesha."

Sikumuuliza huyo jamaa ni nani. Ningemuuliza, mlango ungefungwa. Tulimaliza kufagia, nikamweleza nia na namna ya kuyafikisha maji mwili mzima mpaka kwenye mashina ya nywele, na kabla hatujafunga akaniuliza habari za kifua, safari hii bila kumtaja jamaa yeyote. Nilimpigia mama yake usiku ule kumwambia kijana yuko salama na anajua. Alishukuru sana, akaniambia alikuwa ameshaona mashuka yanafuliwa alfajiri na hakujua aanzie wapi.

Akina mama wanaolea wavulana bila baba nyumbani huniuliza nani awasemee. Ninawaambia watafute mwanamume mmoja wanayemwamini kwa dhati, kaka yao au babu wa mtoto, na wamwambie waziwazi kwamba kazi hiyo wamempa yeye. Wasisubiri aikumbuke mwenyewe. Na kama hayupo, mama aseme. Mtoto atainamisha kichwa, ataona haya, lakini atasikia. Yasisemwe yote siku moja. Kidogo leo, kidogo mwezi ujao, na yaanze kabla mwili haujaanza.

Mwanangu wa kiume ametimiza miaka 9. Nimeshamwambia kwamba siku moja sauti itamkatika na kwamba mimi ilinikuta kwenye kaswida, na nimeshamwambia kwamba akiumwa sehemu yoyote, hata ile, aniamshe saa yoyote. Habari za ndoto nitamweleza likizo ya Desemba tukienda kwa baiskeli kuzuru kaburi la babu Muheza, yeye amekaa nyuma, mimi natazama barabara.